Meza ya Watu Tisa Barazani

Vénantie Mukabaranga aliolewa katika kijiji cha Muheto mwaka wa 1946, akiwa na miaka kumi na tisa. Nyumba ya mume wake ilimfundisha tena jambo ambalo mama yake alikwisha kumfundisha: mtu mzima hafungui kinywa mbele ya wageni. Maziwa hunywewa ndani. Chakula huliwa ndani, mlango umerudishwa. Mgeni akibisha hodi, chungu hufunikwa na watu hufuta midomo. Ndivyo walivyoishi wafugaji wa milima ya Masisi siku hizo, na aliyekuwa mkali kuliko wote kwa jambo hilo alikuwa baba mkwe wake, mzee Rukara, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache.

Mume wake, Mbonigaba, hakufuata ng'ombe wa baba yake. Alikuwa shoferi. Aliendesha kamio, yaani lori, la mwenye shamba mmoja, akipeleka viazi na maharagwe mpaka Bukavu, mji ambao kwenye karatasi za serikali ya kikoloni uliitwa Costermansville lakini midomoni mwa watu ulikuwa Bukavu tu. Kiangazi cha 1947 alimwombea mke wake ruhusa ya kusafiri katika ofisi ya Masisi. Karani akauliza mwanamke anakwenda kufanya nini mjini. Mbonigaba akajibu, "Kuangalia." Karani akacheka, akapiga muhuri.

Walishuka hadi Sake, wakafuata barabara ya ziwa siku mbili, na siku zote mbili Vénantie hakutia kitu mdomoni. Kila waliposimama palikuwa na watu, na penye watu hakuweza kula. Mume alimnunulia ndizi mbivu. Alizishika mapajani mpaka zikawa nyeusi. Siku ya tatu, katika soko la Kadutu, wakati Mbonigaba akishusha mizigo, miguu ilimwisha nguvu na akaketi chini katikati ya vikapu vya watu.

Mwanamke mmoja wa kabila la Washi, mnene, mwenye kilemba chekundu, alimshika mkono akamwingiza ndani ya nyumba yake ya kuuzia chakula. Jina lake Nabintu. Nyumba ilikuwa na mabenchi matatu, na kila benchi lilijaa wanaume waliokuwa wakila.

"Weye iko mugonjwa?" akauliza.

"Hapana."

"Ulikula lini?"

Vénantie akaziangalia ndizi alizokuwa bado amezishika. Nabintu akamtazama, akatazama ndizi nyeusi, akaelewa.

"Unatoka ku milima. Nabajua bantu ya kule." Akavuta kigoda kidogo, akakiweka pembeni, karibu kabisa na ukuta. "Ikala hapa, uangalie ukuta. Migongo ya bale wanaume inakufunika. Hakuna mwenye atakuona."

Akamletea maharagwe na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na bugali wa moto. Vénantie alikula akitazama udongo wa ukuta, machozi yakimtoka kwa aibu, kisha yakakauka, na sahani ikawa tupu. Nabintu hakumcheka. Alimwongezea, akaketi karibu naye, akaanza kumwambia mambo ya mji kana kwamba ni dada yake mdogo aliyechelewa kufika.

Alimwambia asile kamwe katika nyumba iliyo karibu na pale maboti yanapofikia, kwa sababu wale wa pale hupikia watu ambao hawatarudi. Alimwambia aulize kila mahali, "Kumepikwa nini leo?" Ukiambiwa haraka, kitu kimoja ao viwili, kaa. Ukianza kuhesabiwa vitu kumi, ujue chungu kimelala tangu juzi. Mwisho akamwambia amsalimie mpishi kabla ya kuagiza. Si mwenye nyumba, wala yule anayeleta sahani, ila mpishi mwenyewe, pale pale jikoni.

"Juu ya nini?" Vénantie akauliza.

"Juu yeye njo mwenye anakulisha," Nabintu akasema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linawaka.

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, Mbonigaba alimpandisha mke wake kwenye kilima juu ya Kadutu. Kutoka pale aliona mji wote: vidole vya nchi vimenyooshwa ndani ya ziwa, nyumba nyeupe juu ya kila kidole, barabara zikizunguka. Alisimama muda mrefu. Aliona kwamba mahali pote alipopita siku ile, akiwa haoni kitu kwa njaa na hofu, palikuwa pametengana hatua chache tu. Tangu siku hiyo, kila mji aliofika, alitafuta kwanza mahali pa juu, akauangalia wote kabla ya kuingia katika barabara zake.

Akafika miji mingi. Mwaka wa 1951 Mbonigaba alipata kazi kwa mfanyabiashara wa Kashebere, kule mpakani ambako milima ya Masisi inashukia msitu wa Walikale, wakahamia huko, na safari zikageuka kuelekea Walikale, Lubutu, mpaka Stanleyville. Mtoto wao wa kwanza, Emérita, alikuwa na miaka miwili na aliachwa kwa bibi yake. Vénantie alipanda kamio kila ruhusa ilipopatikana. Huko Stanleyville alikaa kando ya mto, akala samaki kwa mara ya kwanza. Wafugaji wa kwao walimwona samaki kama nyoka mwenye mapezi, na alipokuwa akimtafuna alifunga macho. Alipoyafungua, alimwomba yule mwanamke muuzaji amwonyeshe jinsi ya kutoa miiba. Kwenye maporomoko, pale wavuvi wanapotega mitego yao mikubwa ya miti, aliona wageni wakisimama na kunyoosha vidole. Yeye alishuka, akasalimia, akanunua samaki mmoja mdogo, na mvuvi mmoja akamweleza mitego yote kwa nusu saa, mti kwa mti, kamba kwa kamba.

Pale Kashebere watu waliongojea kamio walianza kumtafuta. Mtu aliyekuwa akienda kumwona kaka yake aliyelazwa Bukavu, mwanamke aliyemfuata mume aliyeandikwa jeshini Stanleyville, mwalimu aliyeitwa kwenye mtihani: wote walipita mlangoni pake.

"Mama Emérita, naenda Stanleyville. Nifanye namna gani?"

Naye alikuwa na majibu. Usiingie mji ukiwa na njaa, maana mwenye njaa hula popote na hupotea popote. Kula Lubutu, hata kama hutaki. Kanisa kubwa liangalie asubuhi, mwanga unapoingia kwenye vioo; mchana utaona giza tu na walinzi. Stanleyville iko na makinga mengi kuliko mbwa, kwa hiyo usitembee ukitazama juu. Ukitaka kutazama juu, simama. Makinga ni baiskeli, na kulikuwa na mtu wa Kashuga aliyerudi na mguu uliofungwa mbao kwa sababu hakusikia shauri hilo. Ukialikwa mezani na mwenyeji usiyejua desturi zake, mwangalie mwanamke mzee kuliko wote na ufanye kama yeye. Na usione aibu kuuliza njia, lakini uliza mtu aliye kazini, mwenye duka ao fundi cherehani, kwa kuwa kesho atakuwa pale pale na hawezi kukudanganya halafu akakukwepa.

Maneno hayo yalipanda mpaka Muheto, na mzee Rukara hakuyapenda. Aliposikia jina la mkamwana wake alisema, "Yule mwenye kula njiani." Katika sikukuu hakumwita aje kunywa maziwa pamoja na wake wengine wa nyumba. Vénantie alimletea kila mara kitu kutoka safarini, chumvi safi ao kitambaa, akakiweka kwa heshima mbele ya mama mkwe, akaondoka. Lakini Mbonigaba aliwahi kumkuta nyuma ya nyumba akipasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba apasue, kwa nguvu ya hasira.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa siagi. Wafugaji wa Masisi walisukasuka maziwa kwenye kibuyu, mafuta yakakaa mpaka yakatoa harufu kali, na hiyo harufu ndiyo waliyoipenda. Vénantie alikuwa amekula mkate Bukavu, katika nyumba ya chakula ya Mgiriki mmoja huko Kadutu, na siagi iliyopakwa juu yake ilikuwa na ladha ya majani mabichi. Akamuuliza mpishi. Mpishi akamwambia: ioshe kwa maji baridi ya chemchemi, mara saba, mpaka maji yatoke safi, bila weupe wa maziwa, kisha tia chumvi kidogo, funga kwa majani, usiache jua liione. Mama mkwe wake alikubali kujaribu, kwa siri. Milimani maji ya chemchemi ni baridi kiasi cha kuumiza mifupa ya vidole. Siagi ilitoka ngumu, ya manjano, tamu. Wazungu wa mashamba wakaanza kutuma watu kuitafuta, na Rukara akashangaa ng'ombe wake wanasifiwa kwa jambo gani.

Mwaka wa 1958 yakatangazwa maonyesho ya mazao Bukavu. Masisi iliombwa ipeleke watu tisa. Drocella, mwanamke wa familia ya Kihunde iliyolima milima ile tangu mababu, alichaguliwa kwa viazi vyake. Rukara alichaguliwa kwa siagi. Kiongozi akawa mwalimu Floribert, kijana aliyeandika Kifaransa kizuri kuliko karani yeyote. Vénantie aliingizwa kati ya hao tisa kwa sababu Drocella alisema waziwazi mbele ya watu wote, "Mama Emérita asipoenda, na mimi siende." Mbonigaba, aliyekuwa wa tisa, ndiye aliyeshika usukani.

Floribert alitaka safari iwe na heshima. Hoteli za Bukavu zilikuwa zimeanza kufungulia watu weusi milango iliyokuwa imefungwa miaka yote, na yeye aliandika barua kwa hoteli moja ya kando ya ziwa: watu tisa, Jumapili saa sita, meza ya barazani. Jibu likaja limepigwa kwa mashine, likimwita Monsieur, yaani Bwana, likisema ndiyo. Alilisoma shuleni, kanisani na sokoni.

Jumamosi maonyesho yalikwenda vizuri. Viazi vya Drocella vilipata nafasi ya pili. Siagi ya Rukara ilipata ya kwanza, na kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa imekwisha yote. Wapishi wa hoteli ndio walioibeba. Mchana, wenzake walipokwenda kupumzika, Vénantie hakupumzika. Alikwenda kwa miguu mpaka ile hoteli ya ziwani, akazunguka mlango wa nyuma, akamsalimia mpishi. Aliitwa Athanase, mtu wa makamo, mikono imejaa unga.

"Kesho njo sisi bantu tisa," akamwambia. "Unapika nini?"

"Nyinyi?" Athanase akanyoosha mgongo. "Madame anasema ni grupu ya bazungu ya Masisi."

"Njo sisi."

Athanase akamwangalia, kisha akatabasamu polepole. "Kuku, na viazi, na salade. Na mukate na ile manteka mupya tulinunua leo." Manteka ndilo jina la siagi mjini pale.

"Ile ya majani ya ndizi, yenye kufungwa na kamba ya mugomba?"

"Ile ile."

Vénantie akashukuru, akarudi, wala hakumwambia mtu.

Jumapili baada ya misa walifika wote tisa, nguo zimepigwa pasi, mzee Rukara na fimbo yake ndefu na koti jeupe. Mhudumu aliyesimama mlangoni aliwatazama, akatazama barua, akaingia ndani. Alirudi na mwenye hoteli, mama wa kizungu mwenye miwani. Alikuwa na adabu. Alisema kwa Kiswahili kwamba kumekuwa na makosa, baraza imejaa, lakini watapewa benchi nzuri nyuma, karibu na jiko, na chakula kile kile.

Baraza haikuwa imejaa. Meza ndefu ilikuwa wazi, kitambaa cheupe juu yake, sahani tisa.

Floribert alifungua mdomo. Kifaransa chake chote kikamkimbia. Drocella akaanza kurudi nyuma hatua moja, na wengine pamoja naye. Mzee Rukara alikwisha kugeuka kuondoka, uso wake umekuwa kama jiwe, kwa kuwa mtu wa heshima haombi chakula.

Vénantie akasonga mbele. Hakuinua sauti.

"Madame, samahani. Kwa zile meza zote naona mukate na manteka. Hii manteka muliinunua wapi?"

Yule mama akashangaa. "Maonyesho. Jana. Ni ya kwanza."

"Iko muzuri?"

"Muzuri sana."

"Njo ya huyu muzee." Akamwonyesha Rukara kwa mkono wote, kama anavyoonyeshwa mkubwa, si kwa kidole. "Ng'ombe iko yake, majani iko yake, na mimi njo nafunga na haya mikono. Wageni wenu banaikula kwa baraza. Sasa manteka inaikala kwa baraza, na mwenye manteka anaikala nyuma ya jiko?"

Wageni wa meza za karibu waliacha kutafuna. Mzungu mmoja mzee akakitazama kisu chake kilichokuwa na siagi. Kwenye mlango wa jikoni Athanase alikuwa amesimama, kofia yake nyeupe kichwani, na hakurudi ndani hata mwenye hoteli alipomtupia jicho.

"Madame," akasema, "chakula ya bantu tisa iko tayari. Nimepika yao."

Mama wa hoteli aliitazama ile barua tena, sahihi yake mwenyewe chini. Wekundu ulimpanda shingoni. Aliikunja polepole, kwa muda ambao Drocella alisema baadaye ulikuwa mrefu kama Kwaresima. Kisha akavuta kiti cha mbele kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee," akasema, "karibu."

Wakaingia. Vénantie akamwongoza baba mkwe wake kwenye kiti cha pembeni kilichotazama maji, ili awape watu mgongo. Alimwinamia akasema kwa sauti ya chini, "Papa, hapa uko peke yako na ziwa. Hakuna mwenye kukuona."

Rukara alishika kiti kile. Alikigeuza. Miguu yake ilikwaruza sakafu na watu wote wakasikia. Akaketi akiitazama baraza nzima.

"Nilisafiri siku mbili," akasema. "Wanione."

Akachukua kipande cha mkate, akakipaka siagi yake, akala. Alikula polepole, mgongo umenyooka, jinsi alivyoketi siku zote anapohukumu kesi za malisho. Chini ya meza Mbonigaba aliushika mkono wa mke wake. Kisha Vénantie akawaonyesha wenzake uma na kisu, bila maneno, akianza yeye, na kila mmoja akamfuata. Floribert alipata Kifaransa chake tena walipofikia kuku, akaagiza maji kwa sentensi ndefu isiyokuwa na lazima yoyote. Walipomaliza, Vénantie aliwapeleka jikoni, mmoja mmoja, wamshukuru Athanase.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuondoka, Rukara alisema anataka kuuona mji. Hakusema na mwalimu. Alimwambia mkamwana wake.

"Tuanzie wapi?"

Akampandisha juu. Alimwonyesha ziwa, kanisa kubwa lenye kuba, barabara ya kwenda Kalehe, nyumba ya Nabintu kwa mbali na moshi wake. Mzee aliuliza maswali mengi. Maji yale yote hunywewa na nani? Wale wenye nyumba nyeupe, ng'ombe wao wako wapi? Alipoambiwa hawana ng'ombe, aliwaonea huruma kweli kweli. Wakashuka kwa Nabintu, ambaye nywele zake sasa zilikuwa na mvi chini ya kilemba, wakala maharagwe wote watatu katikati ya chumba.

Muheto walipofika, Rukara aliwaita watu wa nyumba yake na majirani. Alisimulia safari siku nzima. Kila aliposimulia, wazungu wa barazani waliongezeka. Mwisho wa mwezi walikuwa mia. Lakini sehemu moja hakuiongezea wala kuipunguza: maneno ya Vénantie mlangoni, neno kwa neno. Alipomaliza mara ya kwanza, alimwita, akampa kibuyu cha maziwa kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote, akangoja anywe.

"Huyu," akasema, "njo macho ya hii nyumba."

Vénantie akanywa hapo hapo, bila kugeuka, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mwaka uliofuata Mbonigaba alimjengea mke wake nyumba ya chakula ya mbao Kashebere, meza nne, jiko lililo wazi ili kila mtu aone kinachopikwa. Viazi vilitoka kwa Drocella, siagi kwa mama mkwe. Mashoferi wa Stanleyville walianza kupanga safari zao ili wafike pale saa sita. Abiria walipata chakula, na pamoja na chakula walipata habari za mji wanaokwenda, ni wapi pa kulala, pa kula, na ni kitu gani wasikose kukiona.

Kisha ilimbidi Vénantie abadilishe kitambulisho chake. Alikwenda Walikale, akapanga mstari, akafika mbele ya karani kijana aliyekuwa akiandika haraka bila kuinua kichwa.

"Jina?"

"Mukabaranga Vénantie."

"Kazi? Naandika mukulima, kama bamama bote."

"Hapana. Andika: mwenye hoteli."

Karani akainua kichwa. Alimwangalia, akafikiri, akachovya kalamu, akaandika neno refu la Kifaransa. Vénantie akamwomba alisome. Akalisoma. Akamwomba alisome tena, polepole zaidi, na watu wa mstari wakasogea karibu ili nao wasikie.